Turubai Chini ya Mti Mtupu

Moriwaki, fundi bomba mwenye haya, alikuwa mgeni kazini. Wenzake walimtuma awahi bustanini kuwashikia nafasi ya kutazama maua ya micheri. Alifika kungali giza, akatandika turubai chini ya mti mmoja, akashangaa kwamba haugombewi. Kulipokucha akajua sababu: ulikuwa wa aina ya kuchelewa, hauna hata ua moja. Alitamani ardhi immeze.

Wenzake walifika na vyakula.

“Bwana Moriwaki, tumekuja kutazama vijiti?” msimamizi wao, Bi Kuwabara, aliuliza.

“Walio chini ya maua wanaona mti mmoja,” akajibu kwa sauti ndogo. “Sisi tunaiona yote.”

Bi Kuwabara aligeuka, akaitazama bustani nzima ilivyochanua. Akavua viatu, akaketi.

“Mwakani utushikie papa hapa.”