Harufu ni ya Mwenye Nguruwe

Jumamosi nilikuwa kwa balozi wetu wa nyumba kumi, huku Kimara, nikingoja barua ya utambulisho. Akaingia mzee mchonga vinyago kumshtaki jirani yake, mwalimu wa kike kutoka bara. Banda la nguruwe wa mwalimu liko upande wa juu wa kisima cha mzee, na mvua ikinyesha uchafu unateremkia majini.

“Maji yale mie natawadhia,” alisema, akimnyooshea balozi mikono.

Mwalimu akaitwa. Alikuja viganja vimejaa malengelenge.

“Shikamoo, baba. Nguruwe walipozurura walikula mihogo yako, nikawafunga. Kumbe nguruwe nimewafunga, uchafu wao nimeuacha unazurura. Tangu alfajiri nalibomoa banda, nalihamishia bondeni, uchafu uishie kwenye migomba yangu.”

“Bondeni si dirishani kwako?” mzee aliuliza.

“Ndiko.”

“Na harufu?”

“Harufu ni ya mwenye nguruwe, baba.”

Mzee akavua kofia, akaipangusa, akaivaa tena. “Nitakuletea maranda ya vinyago uwatandikie. Yanafyonza.”

Hotuba za ujamaa nimezisikia nyingi, za watu wanaonukia marashi. Niliyoiamini ni hii, na ilinuka nguruwe.