Kiingereza Alichorudi Nacho Baba

Harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya shati lililonyunyiziwa maji hunirudisha kijijini kwetu Matinyani papo hapo, hata ikiwa inatoka kwa jirani. Baba ndiye mwanaume pekee niliyemjua utotoni aliyejipigia pasi mwenyewe, tena kwa ustadi uliomfanya Mama asithubutu kumpokonya ile pasi. Alikuwa ametumikia Wazungu Nairobi, jikoni na mezani, tangu angali kijana mbichi, na wale mabwana walipofunga virago baada ya Uhuru, naye akarudi kwetu Kitui na sanduku la bati, pasi hiyo, na Kiingereza. Jembe lilimpa malengelenge. Mbuzi walimjua kuwa ni mgeni na walimchezea watakavyo. Wanaume wa kwetu, ambao kwao mwanaume kukaa mekoni kulikuwa kichekesho cha wiki nzima, walimbandika jina la Mpishi, na walivyolitamka hata mtoto angejua si sifa. Baba aliitika tu, akatabasamu, kisha akarudi nyumbani.

Msimu ninaoukumbuka ni wa kuvuna mbaazi, nikiwa darasa la nne. Jioni tukiisha kupura, maganda makavu yakilia chini ya nyayo zetu, Baba alikaa kwenye kigoda katikati ya uwanja na kutuchezesha mchezo wake. Alibadilisha sauti ikawa ya puani. “Straight to the store!” Nasi tukatimua mbio moja kwa moja hadi ghalani. “Right behind the house!” Tukajibana nyuma ya nyumba, migongo ukutani. “Just outside the gate!” Tukasimama nje kidogo tu ya lango, tusisogee hata kama siafu wanapita. Watoto wa majirani walikuja kucheza, na mama zao walikuja kuwatafuta, wakabaki kucheka. Mimi nilikuwa mwepesi kuliko wote, na bila kujua nilikuwa nasoma. Shuleni mwalimu alipotaka tutunge sentensi za mahali, wenzangu waliandika kwamba kikombe kiko juu ya meza, basi. Mimi changu kilikuwa juu ya meza hasa, karibu kabisa na ukingo, kimebakiza kidogo kianguke. Mwalimu aliniuliza nimejifunzia wapi, nikamjibu kwa kiburi kwamba ni kwa baba yangu.

Nimefundisha Kiingereza maisha yangu yote, na hadi leo nikifika kwenye somo hilo huweka chaki chini kwanza. Lugha hiyo haitosheki kwa kukuambia “nyuma ya kiti” tu. Hupenda kutanguliza kineno kidogo kinachobana mahali penyewe. Ukiniambia kwa Kiswahili nisimame nyuma ya kiti, nina nafasi ya kujichagulia, naweza hata kuegemea ukuta nikapumzisha mguu. Ukitanguliza hicho kineno “right”, nafasi yangu imekwisha, nimeshapandwa hapo kama kigingi. Nilikuwa mtu mzima nilipotambua kwamba kila sentensi aliyorudi nayo Baba ilikuwa ya namna hiyo, ya kumpeleka mahali au kumsimamisha mahali. Miaka yote ile, katika nyumba zote zile, hakuna aliyemuuliza kwa Kiingereza yeye anaonaje. Lakini utotoni sikuyajua hayo, na mchezo ulikuwa mtamu.

Kisha mwalimu aliyekuwa akitafsiri mahubiri ya wageni kanisani kwetu alihamishiwa upande wa Makueni, na habari ikaja kwamba mhubiri Mzungu angefika baada ya mavuno. Mzee Kimeu, aliyekuwa kiongozi wa kanisa, alikuja kwetu akiwa na kofia mkononi. Mama akampa kibuyu cha uji, akanywa kwanza, kwa maana kwetu jambo zito halianzwi na koo kavu.

“Ithe wa Mwende,” alimwita Baba, yaani baba yangu mimi Mwende, kwani kwetu mtu mwenye heshima huitwa kwa jina la mtoto wake, “wewe si ulikaa na hao watu miaka mingi? Kizungu yao si unasikia?”

Baba akaitikia kwa kichwa. “Nasikia.”

“Basi hiyo Jumapili utasimama wewe. Na hii maneno ya Mpishi, Mpishi, itaisha.”

Alipoondoka, Baba alisimama uwanjani kwa muda mrefu akiwa amenyoosha mabega. Sijawahi kumwona mtu akitamani kitu kiasi hicho. Hakutaka sifa ya kujua Kizungu, alitaka kukaa mahali pamoja na wanaume wenzake bila mtu kumcheka, na sasa mahali penyewe pamepatikana. Tangu siku ile mchezo ukawa mazoezi. Nilimsomea kitabu changu cha shule, naye akageuza kwa Kikamba. Penye vyombo, milango, safari na magari alikwenda mbio kuliko mimi. Lakini tulipofika penye mtu anasikitika, au anamuuliza mwenzake sababu ya jambo, alitikisa kichwa. “Hiyo hawakuwa wanasema,” aliniambia. Nikamfundisha, mtoto nikimfundisha baba, naye akarudia kila neno huku akichambua mbaazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Baba aliinama kweli.

Jumapili ilipofika, shati lake lilikuwa limenyooka kiasi cha kukata. Mhubiri alikuwa mtu mrefu, mwekundu wa jua, mwenye macho ya upole. Akina mama walikuwa wamemwekea meza ndogo yenye kitambaa na gilasi ya maji, na jagi lenyewe wakaliacha katika chumba cha nyuma kwa ajili ya vumbi. Alianza kwa kusimulia safari yake ya kuja kwetu, jinsi gari lilivyokwama mtoni, katikati kabisa ya mchanga, na watu wakatoka moja kwa moja mashambani kulisukuma hadi juu ukingoni. Hicho kilikuwa Kiingereza cha Baba! Alikidaka kabla hakijatua. Alitafsiri kwa mikono, kwa mabega, akawaonyesha gari lilipozama na wasukumaji walipoteleza, na kanisa likacheka kicheko cha furaha, wanaume wakiwa wa kwanza. Nikamwona Mama akishika kitambaa chake cha kichwa kana kwamba kitapeperuka. Hata mhubiri alipoingia katika maneno ya huzuni na msamaha, yale tuliyoyafanyia kazi, Baba alipita salama. Nilikuwa nimekaa mbele na watoto wenzangu, nikaacha kuogopa.

Katikati ya sentensi mhubiri alikohoa, akainua gilasi, akamaliza maji, akaiweka chini. Akasema maneno yake na kumgeukia Baba, na Baba hakuwepo. Alikuwa ameishika ile gilasi, ameiweka juu ya kiganja chenye kitambaa cha mfukoni, na anaelekea chumba cha nyuma kwa hatua zisizo na sauti, mgongo wima. Mhubiri alibaki ameinua mkono. Kanisa zima likabaki limekodoa macho, Neno likiwa limening'inia bila mtu wa kulishusha. Ndipo sauti ya mwanaume ikatoka nyuma, si ya juu sana, “Mpishi ni mpishi,” na kicheko kikazuka kikatembea benchi kwa benchi. Hiki hakikuwa kile cha kwanza. Mzee Kimeu, kwa aibu au kwa haraka, sijui, alimwashiria kijana wa sekondari aliyekuwa nyumbani likizoni, akaja mbele. Baba alirudi na gilasi imejaa pomoni, hakumwaga hata tone, akakuta mahali pake pana mtu. Aliiweka mezani, upande wa kulia wa mhubiri, akarudi hatua moja nyuma yake, akasimama hapo mpaka mwisho wa ibada.

Jioni Mama alipika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukoboa, na hakuna aliyekula vizuri. Baba alivua lile shati, akalikunja. “Nilikuwa nasikia yote, Mwende,” aliniambia. “Yote kabisa. Halafu nikaona gilasi iko tupu.” Mazoea yana taabu, wasema wahenga, lakini hawasemi nani aliyemzoesha mtu. Hakutuchezesha tena mchezo ule, na watoto wa majirani wakaacha kuja. Mwaka mwingine mgeni alipokuja walimtafuta kijana yuleyule. Baba hakulalamika, na aliishi miaka mingi baadaye akawa mkulima wa kutosha, lakini sikumsikia akitamka neno la Kiingereza tena hadi tulipomzika. Hilo ndilo linaloniuma. Alihitaji Jumapili moja zaidi tu, na hakuna aliyefikiria kumpa.

Siku hizi kanisa lile lina kipaza sauti na bati jipya, na wajukuu wangu huzungumza Kiingereza hata wakiota. Wanaulizana wanaonaje, wanabishana, wanakataa, yote kwa lugha ambayo Baba alipewa nusu yake. Juzi nilikuwa nao ibadani, na msichana mmoja alikuwa akitafsiri kwa mara ya kwanza. Katikati, maneno yalimpotea. Alisimama na kipaza sauti mdomoni, jasho likimtoka. Nilishika benchi nikingoja kicheko. Badala yake mtu alianza kupiga makofi, wengine wakafuata, wakamwimbia ubeti mzima wa wimbo hadi akapata pumzi na kuendelea. Nami nilipiga makofi hadi viganja vikawaka, na machozi yalinitiririka nisiweze kuyazuia. “Susu,” mjukuu wangu akaninong'oneza, ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu, “mbona unalia? Si amemaliza vizuri?”

“Amemaliza,” nikamwambia. “Wamemwacha amalize.”