Vitanda vya Akiba

Watu wengi hawajui kwamba hospitali ya jeshi hupangwa kwa ajili ya mtu ambaye bado hajaumia. Hata mimi sikujua mpaka nilipoajiriwa kama karani wa rekodi katika hospitali ndogo ya kambi, nje kidogo ya Kisumu. Mwisho wa wadi palikuwa na chumba chenye vitanda vinane, shuka nyeupe, blanketi zimekunjwa sawasawa, na hakuna aliyelala humo. Viliitwa vitanda vya akiba. Saa mbili asubuhi na saa kumi jioni afisa wa zamu alipita, akatazama, akaandika kwenye kitabu: vinane, wazi, tayari. Chumba kilichopakana nacho kilikuwa cha wazazi, na kilikuwa na vitanda vinne tu. Wake wa askari na akina mama wa vijiji vya jirani walijifungulia hapo. Vitanda vikijaa, mama aliyezaa asubuhi alikalishwa kwenye benchi la korido na mtoto wake mapajani.

Nikaona hapo pana utafiti. Wikendi nilikuwa nasomea shahada ya uzamili chuoni Bondo, nami nikaamua kuandika juu ya jinsi hospitali za jeshi zinavyopanga na kusimamia vitanda vyake. Wenzangu darasani walinicheka, wakasema nimejitafutia mada ya kulala. Niliwaacha wacheke. Nilitaka jambo moja tu: vitanda viwili kati ya vile vinane vipewe akina mama, kwa maandishi, na afisa atie sahihi.

Kibali nilipewa na meja aliyekuwa msimamizi wa hospitali. Wengine wote walimwita Afande. Mimi nilimwita Baba, na hilo nililianza mwenyewe, hakuniomba. Ndiye aliyenifundisha kusoma mipango ya jeshi. Aliniachia meza kwenye kona ya ofisi yake, akaniletea chai kwa mkono wake, akanieleza kwa subira kwa nini chumba kile kinakaa kitupu. "Hivi ni vya siku mbaya, mwanangu. Siku mbaya haipigi simu kwanza." Nilimwelewa. Hata leo, pamoja na hasira yangu yote, siwezi kusema alikosea kwa hilo.

Kibali kilikuwa na sharti moja: kazi yangu isomwe na hospitali kabla ya kwenda chuoni. Nilitia sahihi bila kufikiri mara mbili.

Siku moja niliingia wadini saa nane mchana kutafuta faili, nikakuta mlango wa chumba cha akiba uko wazi. Ndani mlikuwa na akina mama watatu wamelala na watoto wao wachanga, mmoja anakoroma kabisa. Sista aliyesimamia wadi ya wazazi alikuwa amesimama dirishani, macho yake kwenye njia ya kutoka ofisini. Alikuwa mama wa makamo, raia kama mimi, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Aliniita nyara, yaani binti yangu kwa Kijaluo, tangu wiki yangu ya kwanza kazini.

"Funga mlango, nyara," akasema.

Nikaufunga. Akanieleza yote. Afisa wa zamu akishapita asubuhi, hakuna mkubwa anayekanyaga humo mpaka saa kumi. Kwa hiyo akina mama waliingizwa saa tatu, wakalala, na saa tisa na nusu waliamshwa, shuka zikabadilishwa, blanketi zikakunjwa upya. Wauguzi wa zamu zote walijua. Shuka za ziada alizinunua mwenyewe sokoni Kibuye na kuzifua nyumbani kwake, kwenye nyumba za wafanyakazi ndani ya kambi.

"Hiyo kitanda iko na shuka safi, na huyu mama amezaa leo, anakaa kwa benchi. Wewe ungefanya nini?"

Nikawatazama wale watoto wachanga.

"Sasa sikia. Andika vile tunaumia. Vile tunasaidiana, wacha."

Nikamwambia, "Sawa, Mama." Na nilipomwambia hivyo nilimaanisha.

Lakini nilipokaa na kompyuta yangu, sura zangu zote zilikuwa kavu. Rejista, majedwali, vitanda vinane wazi, vitanda vinane wazi. Kilichokuwa hai kilikuwa kile chumba saa nane mchana. Nikajiambia kwamba utafiti una njia zake za kuficha watu, nikamwita Muuguzi wa Tatu, nikaandika. Niliandika anavyosimama dirishani. Niliandika anavyofua shuka kwake. Niliipenda ile sura kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika, na kupenda huko ndiko kulinipofusha.

Niliipeleka kwa Baba mwenyewe, kwa mkono wangu. Alikaa nayo siku nne. Aliponiita alikuwa amesahihisha hata tahajia, kwa kalamu nyekundu, nami nikaguswa, mjinga mimi.

"Umefanya kazi nzuri," akasema. "Huyu Muuguzi wa Tatu ana moyo."

"Ana moyo kweli, Baba."

"Ameshakaa sana hapa?"

Nikacheka. Nikamwambia, "Baba, na wewe unamjua!"

Naye akacheka. Tulicheka pamoja, kikombe changu cha chai kiko juu ya meza yake.

Wiki iliyofuata walikuja wakaguzi kutoka makao makuu. Baba hakusubiri wagundue lolote. Aliwasomea ukurasa wangu, neno kwa neno, kwenye mkutano ambao mimi sikualikwa, akasema utafiti alioufanyia mipango mwenyewe umefichua pengo katika utayari wa hospitali. Kabla ya chakula cha mchana Sista alikuwa amekabidhi funguo. Alipewa siku saba ahame nyumba ya kambi. Mlango wa chumba cha akiba ukatiwa kufuli, na ufunguo ukawekwa kwenye droo ya Baba.

Niliingia ofisini mwake bila kubisha. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Nikamuuliza kwa nini amenifanyia hivi.

Hakukasirika, na hilo lilinichoma zaidi. Aliniangalia kama vile ananisikitikia. "Wewe ndiye uliyeandika," akasema. "Mimi nimesoma tu."

Baada ya miezi michache alipandishwa cheo, akahamia Nairobi. Alinitumia ujumbe wa simu kunipongeza nilipofaulu. Sikumjibu. Nilimchukia, na bado namchukia, lakini chuki yenyewe haitulii, kwa sababu kila nikimshtaki moyoni naisikia ile sahihi yangu ikikwaruza karatasi na kile kicheko changu.

Nilikawia sana kumtafuta Sista. Nilimpata Muhoroni, nyumbani kwao, kando ya barabara ambako matrekta ya miwa huangusha mabua mpaka mlangoni. Hakunifukuza. Alinipa kiti, akauliza kama nimebeba hicho kitabu cha utafiti. Nilikuwa nimekibeba, kimejalidiwa, herufi za dhahabu mgongoni.

Alivaa miwani. Alisoma sura yake yote, polepole, kidole kinafuata mistari. Nilingoja anitukane. Nilitamani anitukane.

"Umeandika vizuri," akasema. "Hata mtu hajawahi kuniona atanijua."

Kisha akarudi mwanzo, kwenye ukurasa wa shukrani. Wa kwanza pale ni meja, na cheo chake, na maneno matatu mazuri niliyoyaandika na kuyawasilisha chuoni kabla ya ule ukaguzi. Wanafuata walimu wangu, halafu wazazi wangu. Kidole chake kilishuka mpaka chini, kikapanda tena juu, kikashuka.

"Mimi siko."

"Sikukuweka, Mama. Nilikuwa nakuficha."

Alivua miwani, akafunga kitabu, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Hapo tu ndio ulinificha," akasema.