Betri ya Mtani

Mama yangu alibakiwa na debe moja tu la mbegu ya mahindi. Msimu uliotangulia alipanda mvua ya kwanza ilipodondoka, kama alivyofanya tangu aolewe pale kijijini Lusu. Mvua ikakata, jua likakaa, mahindi yakaungua yakiwa na urefu wa kidole. Safari hii hakutaka kubahatisha. Alikuwa anaisubiri mashine.

Mashine yenyewe ilikuwa mlingoti uliosimikwa pembeni mwa shamba letu. Ingepima unyevu wa udongo, wataalamu wangeulinganisha na picha za satelaiti, kisha wangetutumia ujumbe kwenye simu: panda, au subiri. Lakini kilichonisisimua ni walioileta: Mmarekani mmoja na dada mmoja wa Kichina! Nchi zao zinatoleana macho kila siku kwenye taarifa ya habari, ila kwa mambo ya tabianchi zilikubaliana kushirikiana, na ushirikiano huo ukaja kutua shambani kwa mama yangu. Niliomba ruhusa shuleni ninakofundisha, Tabora mjini, nikapanda basi la alfajiri. Nikose hilo? Thubutu!

Wote wawili walijua Kiswahili. Mmarekani alikipata Nzega, alikowahi kufundisha hisabati, kwa hiyo alisalimia kwa adabu zote. Dada alikiokota Dar.

"Shikamoo mama, mambo freshi?"

Mama alicheka mpaka akakaa chini.

Siku ya kuiwasha, mashine iligoma. Betri, ambayo ilikuwa ya upande wa Mmarekani, imekufa. Wingu limetanda mashariki, majirani wanachukua majembe, na mama amekumbatia debe lake. Ndipo nikaona ndani ya gari la dada betri ya akiba, saizi ileile. Nikashangilia.

"Siruhusiwi kumpa," dada akasema, macho chini. "Kila upande na vifaa vyake. Mkataba ndivyo unavyosema."

"Na mimi siruhusiwi kuomba," akasema Mmarekani.

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka moto. Watu wenye macho angani, wanashindwa na betri!

Mama hakukasirika. Aliuliza tu, "Hivi, kwenu mnagombana?"

"Sana, mama," wakajibu wote wawili.

"Basi nyie ni watani."

Akawaeleza. Babu zetu Wanyamwezi walipobeba mizigo kwenda pwani, walipigana na Wagogo njiani kwa sababu ya maji. Walipochoka kupigana wakataniana. Mpaka leo Mgogo akija kwetu msibani anajichukulia kuku bandani na hakuna wa kumkemea. Mtani haombi. Mtani haibi. Na siku ukifa, mtani huyohuyo yupo kwenye kukuzika.

"Umekatazwa kumpa," mama akamwambia dada. "Kuchukuliwa na mtani, wamekataza?"

Dada akafikiri. "Hilo halijaandikwa, mama." Akageuka, akaanza kuwaangalia ng'ombe wa jirani kwa umakini wa ajabu.

Mmarekani akaenda kwenye gari, akarudi na betri kifuani.

"Mwizi mkubwa wewe!" dada akapiga kelele, bado amempa mgongo.

"Mchoyo mkubwa wewe!"

Mama akapiga vigelegele, nami nikapiga. Betri ikafungwa, taa ya kijani ya mashine ikawaka, nikamkumbatia kila aliyekuwa karibu.

Ujumbe wa kwanza uliingia alasiri, mvua kubwa ikinyesha: subiri. Majirani walipanda wakiimba. Mama alikalia debe lake, na mimi niliogopa kuliko yeye, maana kama mashine imekosea, tumekwisha. Wageni wakaondoka, mvua ikakata, jua likarudi lilelile la mwaka jana. Miche ya majirani ikasinyaa. Mama hakuwacheka.

Nchi zile zilikuwa zimegombana upya redioni siku simu ya mama ilipolia mara mbili, nami nimerudi kwake kwa likizo. Mmarekani ameandika: panda. Dada naye: panda mama, huyo mtani wangu kachelewa kukwambia.

Mama aliita majirani, akampimia kila mmoja kibakuli cha mbegu. Debe likabaki nusu. Nilitaka kumzuia, akanipa jembe. Mvua ilitukuta katikati ya shamba, sote, na hakuna aliyekimbia.