Mlango wa Lelemama

Miaka ya tisini mwanzoni tulikuwa wanawake kumi na wawili tunaocheza lelemama, ngoma ya wanawake ya kupanga safu, na mazoezi yetu tukiyafanya mtaa wa Malindi, ukumbi wa chini, mlango umetiwa komeo. Siku moja kiongozi wetu, mwalimu wa skuli, akatwambia kuanzia Jumatatu mlango utakuwa wazi, isipokuwa Ijumaa. Mwanamke yeyote aingie, ajifunze, na akiwa na lake la kuongeza aongeze. Alisema ngoma ikifichwa sana hufa.

Mimi sikuridhika. Kikundi cha mtaa wa pili kilikuwa mpinzani wetu, na harusi kubwa ilikuwa inakuja: wao wacheze siku ya kwanza, sisi ya pili.

Katika waliokuja alikuwepo Mtumbatu mmoja, mwanamke wa kisiwani aliyeolewa mjini. Alikaa karibu na nguzo, haongei, macho kwenye miguu yetu, daftari magotini. Kila tukigeuka, kalamu yake inakwenda. Nikaanza kumhesabia siku alizokuja na saa alizotoka. Nikawanong'oneza wenzangu wawili kwamba yule ametumwa.

Jumatano moja akainuka, akasema kwa lafudhi yake kwamba bibi yake alikuwa akishusha bega kwanza, ndipo mguu ufuate. Akatuonesha. Kiongozi alifurahi, akautia mtindo ule kwenye ngoma yetu siku hiyo hiyo. Mimi nikasema moyoni, anatoa moja achukue kumi.

Siku ya kwanza ya harusi, wapinzani wetu wakatoka na wimbo wetu mpya tuliouweka kwa siku ya pili, maneno yote, hata kibwagizo. Kesho yake asubuhi tulikutana ukumbini kujitayarisha, na yule Mtumbatu naye akaja. Nikamkabili mbele ya wote.

"Daftari lako lina nini? Wimbo wetu umempelekea nani?"

Akanipa daftari. Kurasa nzima zilikuwa nyayo zilizochorwa, kubwa na ndogo, na vistari vya kuonesha mguu unakokwenda. Hapakuwa na neno hata moja.

"Sijui kuandika, dada," alisema. "Nnachora miguu nisije nikasahau."

Akalichukua, akajitanda kanga yake, akatoka.

Kiongozi hakunigombeza. Alituuliza tu, kwa sauti ya chini, wimbo ule tuliufanyia mazoezi siku gani. Ijumaa. Kila mara Ijumaa, mlango umefungwa, sisi kumi na wawili peke yetu. Jioni tulicheza kwa bega la bibi wa yule Mtumbatu na watu walitushangilia, lakini mimi nilikosea hatua mara mbili.

Nilimfuata mwenye daftari kwake, mtaa wa Ng'ambo, nikamwomba radhi. Alinitilia kahawa, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema atarudi akiwa tayari. Alirudi baada ya wiki tatu, na wageni wengine wakaongezeka, kila mmoja na hatua aliyoachiwa na mamaye. Mwaka uliofuata nusu ya ngoma ilikuwa yao.

Kwenye safu, wifi yangu, mmoja wa wale kumi na wawili wa Ijumaa, ndiye aliyekuwa akisimama kuliani kwangu. Baada ya harusi ile hakukanyaga tena ukumbini, akisema magoti yanamuuma. Tunakula pamoja kila Idi, na kila akiinuka kuondoa sahani, natazama magoti yake.