Barabara Iliyosimama kwa Baba

Gari langu, nililolinunua kwa jasho langu mwenyewe, lilikuwa kwa fundi, kwa hiyo juzi jioni nilipita Manika kwa pikipiki ya taxi-moto, nimevaa suti, naelekea kwetu Kapata kumaliza matanga ya baba. Mbele ya ofisi ya komini, serikali yetu ya mtaa, bendera ilikuwa inashushwa. Nikamgonga dereva begani asimame.

"Patron, kuko nini?"

"Drapo."

"Aa, patron. Tukisimamia drapo, tutakula saa ngapi?"

Hakupunguza hata mwendo.

Wewe uliyekulia hapa utakumbuka. Bendera ikishuka, barabara nzima iliganda: muuza makaa na baiskeli yake, mama na beseni lake la mihogo, hata mlevi. Na aliyeishusha alikuwa baba yangu, mwanajeshi wa zamani aliyekuwa karani wa komini. Nilitoka shule mbio ili niikute. Niliamini kamba ile ya bendera mikononi mwake ndiyo iliyofunga miguu ya watu wote.

Kisha tulirudi Kapata pamoja, king'ora cha mgodi kikilia. Baba alivua bereti, akala bukari, ugali wetu, na mchicha wa lengalenga, halafu akapiga pasi nguo zetu za shule, nyumba ikanuka makaa. Wanaume wa mstari wetu wa nyumba walimcheka kwamba amegeuka mke. Yeye alitunyoosha kola tu, akasema, "Simama muzuri." Kwa maneno hayo nilivuka mipaka ya nchi kusoma, nikapata diploma ambayo hakuna mwingine wa mstari wetu aliyeipata. Hotuba yangu ya matanga niliijenga juu yake: baba, mtu wa nidhamu.

Kabla ya kuitoa, niliketi karibu na mzee aliyetumikia jeshini pamoja na baba, aniongezee sifa. Akacheka mpaka akakohoa.

"Tata yako? Kule kambini, drapo inashuka, ye anaikala juu ya sanduku. Balimupatia azabu mingi, hakusimama."

Nilimwuliza kwa nini. Hakujua. Labda uchovu, alikisia, labda hasira na wakubwa. Nikamgeukia mama. Alisema hajawahi kulisikia jambo hilo, kisha akaongeza kwamba, kwa baba, lingewezekana. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Yule aliyesimamisha barabara alikuwa nani, basi? Alikuja kuiamini bendera baadaye, ama alifanya tu kazi aliyopewa, ili sisi tupate kola zilizonyooka?

Wakaniita niseme. Hotuba yote ikanikimbia.

"Musimame muzuri," nikasema.

Wakasimama wote. Akina mama waliacha sufuria za bukari, wenye taxi-moto wakazima injini, hata yule mzee akainuka, ameshikilia kiti. Kwa kitambo kidogo Kapata iliganda kama barabara ile ya zamani, ambayo nadhani haitarudi tena. Walinitazama, wakisubiri niendelee. Nikanyoosha kola yangu tu, na mpaka sasa sijui ni baba yupi tuliyemsimamia, yule wa barabarani au yule wa juu ya sanduku.