Watu wa Kwenye Kihenge

Mpaka nafika darasa la tatu niliamini kabisa kwamba kwenye kihenge cha mama mkubwa, pale Masumbwe, walikuwa wanaishi watu wanaokula karatasi. Hata leo nikinusa majivu na tumbaku kavu, nageuka kutazama nyuma.

Baba mkubwa alikuwa mtunzi wa riwaya na michezo ya filamu. Alipofariki aliacha makaratasi ambayo, nisipotia chumvi sana, yangejaza treni pale Isaka. Na mchwa wetu mnawajua: wangekula baiskeli wakabakiza kengele. Basi ukoo ukaamua makaratasi yatiwe kwenye kihenge, lile ghala la fito na udongo lililosimama juu ya mawe, yafukiwe kwa majivu na majani ya tumbaku. Wakaamua pia kwamba mjane asirudi kwao Buseresere mpaka mzigo wa mumewe upate mtu wa kuuchukua. Miaka ikapita. Mtama wake ukawa unalala kwenye madebe.

Mchana tukipita na ng'ombe tulisikia upande ule mwanamume akifoka, mwanamke akilia, askari akiamrisha. Tulikimbia mpaka ng'ombe wenyewe wakatushangaa.

Siku moja akaja bwana wa nyaraka kutoka Dar, na gari, kuyachukua yote. Sasa kihenge mlango wake uko juu, chini ya kofia ya nyasi, na kilichobaki chini hushushiwa mtoto mwembamba kwa kamba akichote. Mwembamba nilikuwa mimi. Wakanishusha, kamba wakaivuta ikawa ya kupandishia mafurushi, nami nikabaki gizani, majivu puani, ukuta umenizunguka kama chungu. Lilipobaki furushi moja nikasikia mtu anapumua. Adabu ikaniponyoka mdomoni:

"Shikamooni."

"Marahaba," ukuta ukajibu.

Nikalikalia lile furushi.

"We Shija, umelala humo?" baba akauliza kutoka juu. "Gari linaondoka."

"Wamenikamata, baba."

"Nani?"

"Wenye makaratasi."

Yule bwana akasema basi, hilo libaki, atalifuata mwaka mwingine. Hapo ndipo ile sauti ya ukutani ikasema taratibu, "Shija, mwanangu, usiliache. Likibaki, na mimi nabaki. Nitoe."

Nikamwonea huruma. Kumbe na yeye amefungiwa, kama mimi. Nikalifunga furushi kwenye kamba, likapanda.

Jioni ile ile mama mkubwa alikuwa barabarani na sanduku lake, akingoja gari la Buseresere.

Nilimtembelea huko nikiwa mtu mzima, na cheti changu cha masomo ya jioni mfukoni kama waziri. Nikamsimulia wale watu wa kihenge, nikicheka mpaka machozi. Yeye hakucheka.

"Humo hamkuwa na watu, mwanangu. Ni mimi, hata ile marahaba ya ukutani. Nilikuwa nachomoa furushi, nakaa nyuma ya kihenge, nasoma ile michezo yake: natoa sauti ya mume, ya mke, ya askari. Shemeji zangu walikuja kukagua majivu tu. Ningeongea na nani?"